Vipokea Sauti vya Kuzima Kelele: Kinachozimwa na Kinachobaki

Katika maduka ya simu ya Ngamiani, jijini Tanga, vipokea sauti vya masikioni huning'inia ukutani kwa makumi, na juu ya maboksi ya vile vya bei ya juu huchapwa herufi tatu: ANC. Kwa muuguzi wa zahanati herufi hizo ni kliniki ya wajawazito. Kwa mwenye duka ni ahadi kwamba kelele zitazimwa. Maboksi mengine yameandikwa ENC, na wateja wengi hudhani kuwa ni chapa mbili za kitu kimoja. Si kitu kimoja. Ya kwanza inahusu kelele zinazomfikia aliyevaa kifaa. Ya pili inahusu kelele zinazomfikia mtu aliye upande wa pili wa simu. Mpagazi wa bandarini anayenunua kifaa cha kwanza akitumaini kwamba mkewe aliye Pemba atamsikia vizuri kutoka gatini atakuwa amelipia kitu ambacho hakikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Makala haya yanaeleza namna vifaa hivi vinavyofanya kazi, mahali vinaposhindwa, na madhara yanayoweza kumpata mtumiaji wa mwambao wa kaskazini, kuanzia Horohoro hadi Pangani. Mkazo umewekwa katika mambo mawili ambayo gharama yake ni afya ya mtu, nayo ni mazungumzo ya simu kati ya wahudumu wa afya na kelele za kiwandani.

Wimbi dhidi ya wimbi

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Hewa hubanwa, kisha hulegea, kisha hubanwa tena, na msukosuko huo husafiri mpaka kwenye kiwambo cha sikio. Kifaa cha kuzima kelele kina maikrofoni ndogo inayonasa kelele za nje, na mtambo mdogo wa kielektroniki unaotengeneza wimbi la kinyume chake: pale kelele inapobana hewa, kifaa huilegeza, pale inapoilegeza, kifaa huibana. Mawimbi hayo mawili yakikutana sawasawa, hudhoofishana.

Wazo hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1936, wakati ambapo hapakuwa na vifaa vya kielektroniki vya kulitekeleza ipasavyo. Mhandisi wa Marekani, Amar Bose, alilishughulikia upya kuanzia mwaka 1978, na mwaka 1989 vipokea sauti vya aina hiyo vikaanza kuuzwa kwa marubani. Rubani ndiye aliyekusudiwa, na jambo hilo linaeleza mengi kuhusu uwezo na udhaifu wa vifaa vya leo. Injini ya ndege hunguruma kwa saa nyingi kwa namna ile ile, na sehemu kubwa ya ngurumo yake ni sauti nzito. Soko la Makorora halingurumi hivyo.

Mitikisiko ya sauti huhesabiwa kwa hezi, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde moja. Katika joto la Tanga, wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.5 hivi, ilhali wimbi la hezi 4,000 halifiki sentimita 9. Kulifuata wimbi la mita tatu na nusu si kazi ngumu, kwani hata kifaa kikikosea kwa milimita chache, kilele cha wimbi moja bado kitaangukia kwenye bonde la jingine. Kwa wimbi la sentimita 9, kosa dogo la nafasi au ucheleweshaji mdogo kabisa hukutanisha kilele na kilele, na kelele ikaongezeka badala ya kupungua. Kwa sababu hiyo uzimaji wa kielektroniki hufaa zaidi kwa sauti zilizo chini ya hezi 1,000 hivi. Juu ya hapo, kinachomkinga mtumiaji ni sifongo au raba inayoziba sikio, jambo ambalo kizibo cha bei nafuu pia hulifanya.

Matokeo yake kwa mtumiaji ni haya: mngurumo wa basi liendalo Dar es Salaam, mvumo wa feni, jenereta ya duka la jirani na mashine ya boti hupungua kwa kiasi cha kushangaza. Sauti za watu, kilio cha mtoto, nyundo ya fundi bati na honi ya bajaji hubaki, na wakati mwingine husikika wazi zaidi kwa kuwa mngurumo uliokuwa ukizifunika umeondoka. Mteja hurudi dukani akidai kwamba kifaa ni kibovu, kumbe ni kizima na kinafanya kile kinachowezekana. Kupima ni rahisi: asimame karibu na jenereta au friji inayovuma, avae kifaa bila kucheza muziki, kisha awashe na kuzima kitufe cha kupunguza kelele. Ikiwa mvumo haubadiliki hata kidogo, kilichouzwa ni raba ya kuziba sikio iliyobandikwa herufi tatu.

Sauti za ghafla zenye nguvu ni jambo jingine. Wavuvi wa mwambao huu wanaujua mlipuko wa baruti, uliotumiwa kwa miaka mingi katika uvuvi haramu. Msukumo wa hewa wa mlipuko ni mkubwa kupita uwezo wa spika ndogo ya kifaa kuukabili, na hakuna wimbi la kinyume litakalotoka kwenye betri ya ukubwa wa punje ya mahindi likaokoa sikio.

Upepo, ushungi na miwani

Majaribio ya viwandani hufanyika katika vyumba visivyo na upepo. Mtumiaji wa Raskazone ana kusi katikati ya mwaka na kaskazi mwanzoni mwake. Upepo unapopita juu ya tundu la maikrofoni hufanya kizunguzungu cha hewa palepale tunduni, na maikrofoni hukisoma kizunguzungu hicho kana kwamba ni kelele kubwa. Mtambo hujibu kwa kutengeneza wimbi la kinyume cha kelele ambayo sikio lenyewe halikuisikia, na mtumiaji akasikia mgurumo mpya uliozalishwa na kifaa chake. Vifaa vingi vya bei ya juu hujaribu kuutambua upepo na kupunguza kazi ya maikrofoni za nje, maana yake ni kwamba katika upepo mkali uzimaji aliolipia mnunuzi hupungua.

Vipokea sauti vinavyofunika sikio zima vina udhaifu wa ziada ambao vitabu vya maelekezo huutaja kwa mstari mmoja au hunyamaza kabisa. Mto wake lazima ubane ngozi pande zote. Kitambaa cha ushungi au mtandio, ukingo wa kofia na mkono wa miwani huacha mwanya, na kupitia mwanya huo huingia hasa zile sauti nzito ambazo kifaa kilikusudiwa kuzizima. Isitoshe, kitambaa kinaposuguana na maikrofoni hutoa mkwaruzo unaosikika upande wa pili wa simu kama mtu anayekunja karatasi. Hakuna haja ya mtu kuvua ushungi wake kwa ajili ya simu. Vipokea sauti vidogo vinavyoingia sikioni, vikivaliwa chini ya kitambaa kilicholegezwa kidogo upande wa maikrofoni, hufanya kazi vizuri zaidi kwake kuliko vile vikubwa vya gharama.

Baadhi ya watumiaji hulalamikia pia mgandamizo masikioni, kama ule unaompata abiria anayeshuka na basi kutoka Lushoto kwenda Mombo. Barabarani mgandamizo huo ni wa kweli, kwani hewa ya nje inazidi kuwa nzito, na kumeza mate huufungua. Ndani ya kifaa cha kuzima kelele hakuna tofauti ya namna hiyo ya shinikizo la hewa. Inadhaniwa kwamba ubongo, ukikosa ghafla sauti nzito zilizouzoea, hutafsiri ukosefu huo kama mgandamizo. Kumeza mate hakusaidii; kupunguza kiwango cha uzimaji, au kukizima kabisa kwa muda, husaidia. Mwenye mvumo wa masikio usiokoma naye hugundua kuwa ukimya wa kifaa huudhihirisha mvumo huo, na si ajabu akaamini kwamba kifaa ndicho kilichouleta. Mvumo unaoendelea hata baada ya kuvua kifaa unahitaji kuchunguzwa na daktari, hasa ukiwa katika sikio moja tu.

Simu: sita au tisa?

Simu ya kawaida ya miaka mingi ilipitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Mitandao ya sasa inaweza kupitisha zaidi ya hapo, lakini vipokea sauti vya Bluetooth huleta kikwazo chao. Wakati wa kusikiliza muziki, mawasiliano huenda upande mmoja, kutoka simu hadi sikio, na nafasi yote hutumika kwa ubora wa sauti. Mara tu maikrofoni inapofunguliwa kwa mazungumzo, kifaa hubadili utaratibu ili kupeleka sauti pande mbili kwa pamoja, na ubora hushuka. Vifaa vya zamani huchukua sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde, ambazo haziwezi kubeba chochote kilicho juu ya hezi 4,000. Vipya zaidi huchukua 16,000. Ndiyo maana mtu huyo huyo mwenye kifaa cha laki kadhaa husikia taarabu kwa uzuri wa ajabu, kisha simu ikiingia akamsikia mpigaji kama aliye ndani ya mtungi.

Kwa lugha ya Kiswahili upungufu huu una hatari mahususi. Nguvu nyingi ya irabu iko katika sauti za chini, na simu huzipitisha vizuri. Konsonanti nyingi hutegemea sauti za juu. Sehemu kubwa ya nguvu ya s, kwa mfano, iko juu ya hezi 4,000. Sasa yatazamwe maneno sita na tisa. Irabu zake ni zile zile, i na a, kwa mpangilio ule ule. Konsonanti zake pia ni zile zile, s na t, ila zimebadilishana nafasi. Msikilizaji aliyenyimwa sauti za juu hubaki na i-a, na kubahatisha. Sitini na tisini ni hivyo hivyo. Mtoto wa kilo sita anapoandikwa kuwa wa kilo tisa, dozi inayokokotolewa kwa uzito huzidi kwa nusu nzima; wa kilo tisa akiandikwa sita, hupewa theluthi mbili tu za dawa anayostahili. Dawa inayotakiwa kila baada ya saa sita ikisikika kuwa kila baada ya saa tisa, mgonjwa hukaa muda mrefu bila kinga.

Dawa ya tatizo hili haihitaji kifaa kipya. Anayepokea namba huirudia kwa sauti kabla ya kuiandika, na hairudii kwa neno lile lile, maana sita iliyosikika kama tisa itarudishwa kama tisa na upande wa pili nao ukasikia sita. Airudie kwa njia nyingine: "Sita, moja baada ya tano?" au "Tisa, moja kabla ya kumi?" Kisha namba hiyo hiyo itumwe kwa ujumbe mfupi katika tarakimu. Utaratibu huu unachosha siku yenye wagonjwa wengi, lakini hautumii zaidi ya nusu dakika.

Upande wa maikrofoni kuna jambo ambalo wahudumu wa afya wanapaswa kulifahamu kuliko watumiaji wengine wote. Programu za kusafisha sauti, zilizo ndani ya vipokea sauti na ndani ya simu zenyewe, hufundishwa kutofautisha usemi wa binadamu na kila kitu kingine. Kila kitu kingine huitwa kelele, na huondolewa. Programu hizo hazina njia ya uhakika ya kujua nani anayetakiwa kusikika: jirani anayezungumza karibu na maikrofoni ni usemi, na hupita, kigelegele, kilio, mluzi na kikohozi vyaweza kuhesabiwa kelele, navyo hukatwa au kufifishwa.

Chukulia mfano wa muuguzi wa zahanati ya pembezoni mwa wilaya ya Mkinga, usiku, akiwa na mtoto wa miezi kumi anayepumua kwa shida. Anampigia daktari aliye mjini na, kwa nia njema, anasogeza simu karibu na kifua cha mtoto ili daktari asikie mwenyewe. Daktari amevaa vipokea sauti vyake na anasikia ukimya safi. Hakuna mkoromo, hakuna mluzi wa pumzi. Ukimya huo si habari kuhusu mapafu ya mtoto. Ni kazi ya programu iliyoamua kwamba pumzi isiyo na maneno ni uchafu wa kufutwa. Daktari asiyelijua hilo anaweza kumwambia muuguzi kwamba mtoto anaonekana nafuu, asubiri asubuhi. Mkoromo unaosikika mtoto akiwa ametulia ni dalili ya hatari katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu magonjwa ya watoto. Kuupoteza kwenye waya, au kwenye hewa isiyo na waya, ni kupoteza sababu ya kumpa rufaa usiku huo huo.

Kwa hiyo sauti ya pumzi haipaswi kuamuliwa kupitia simu yenye kusafisha sauti, iwe inasema nini. Mambo yanayopita vizuri katika simu ni namba na maelezo. Muuguzi ahesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia: pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa mwenye miezi 12 hadi 59, ni pumzi za haraka. Aseme kama kifua kinabonyea ndani mtoto anapovuta hewa, kama anaweza kunyonya, kama ametapika kila kitu, kama amepata degedege, kama amelegea. Mtandao ukiruhusu, video fupi ya kifua kilicho wazi, iliyorekodiwa kwa kamera ya simu kisha ikatumwa, humwonyesha daktari mengi kuliko mazungumzo ya moja kwa moja. Na kwa kuwa urekodiaji wa video mara nyingi hausafishi sauti kwa ukali ule wa simu, hata pumzi yenyewe huwa na nafasi zaidi ya kusikika. Daktari naye avue vipokea sauti vya kuzungumzia na kuisikiliza mahali palipotulia.

Kiwandani

Mkonge uliingia mwambao huu mwaka 1893, pale Richard Hindorf alipoagiza miche elfu moja kutoka Florida na kubakiwa na 62 iliyofika hai. Historia ya Tanga tangu hapo imeandikwa na mmea huo, na viwanda vyake bado vinatumia mashine ya kuchakata majani ambayo wafanyakazi huiita korona. Anayesimama karibu na korona inayofanya kazi hahitaji kipimo kujua kwamba haiwezekani kuzungumza bila kupaza sauti, na hiyo ni kanuni ya kufaa: mahali ambapo watu wawili walio umbali wa mkono lazima wapaze sauti ili wasikilizane, kelele kwa kawaida imefika kiwango cha kudhuru.

Kiwango hicho kinajulikana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kuhatarisha usikivu wake. Kwa mtoto ni desibeli 75. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu na muda salama hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 83 ni saa 20 kwa wiki, kwa 86 ni saa 10, kwa 92 ni saa mbili na nusu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen waliopima viwanda vya chuma vya Tanzania walikuta wastani wa takriban desibeli 92 kwa zamu nzima, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018. Mwaka uliofuata waliripoti kwamba asilimia 48 ya wafanyakazi wa viwanda hivyo walikuwa na upungufu wa usikivu, ikilinganishwa na asilimia 31 ya walimu waliopimwa kama kundi la kulinganishia. Takwimu hizo si za mkonge wala za saruji, lakini sikio la binadamu halitofautishi chanzo cha desibeli.

Kijana wa kiwandani anayevaa vipokea sauti vya simu vyenye kuzima kelele hudhani kwamba amejikinga na huku anapata muziki. Yamkini analipa mara mbili. Kinga ya kazini hupimwa na kupewa kiwango cha desibeli inachopunguza katika sauti nzito na nyembamba. Vipokea sauti vya muziki havipimwi hivyo. Sauti za visu vya chuma zina sehemu kubwa nyembamba, ambayo uzimaji wa kielektroniki hauifikii. Juu ya kelele iliyobaki mtumiaji huongeza muziki mpaka aufurahie, na sikio hupokea jumla ya vyote viwili. Betri ikiisha katikati ya zamu, kinga yote ya sauti nzito huondoka bila taarifa. Na mwenzake akipiga kelele kwamba mkono umenaswa, hasikii.

Kwa mahali pa namna hiyo kinachofaa ni vizibo au vifunika masikio vya kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri kutoa vifaa vya kinga. Kizibo cha sifongo, kikisokotwa kwa vidole safi, kikaingizwa huku sikio likivutwa juu na nyuma, kisha kikashikiliwa hadi kitanuke, humkinga mfanyakazi kuliko vipokea sauti vya simu vya bei yoyote.

Haki itendeke lakini. Ndani ya basi, kwa safari ya saa sita kwenda Dar es Salaam, hali hugeuka. Abiria mwenye vipokea sauti vya kawaida huongeza sauti ili ishinde mngurumo wa injini, na mara nyingi huvuka mpaka wa usalama bila kujua. Mngurumo ukizimwa, anaridhika na sauti ya chini. Hapo kifaa ni rafiki wa sikio, alimradi mwenyewe hakurudisha kwa kidole kile ambacho mtambo umekiondoa. Ushauri wa kutozidi asilimia 60 ya uwezo wa sauti ni mwongozo tu, kwani vifaa hutofautiana. Simu nyingi za sasa zina mahali pa kuweka kikomo, na mzazi ana sababu ya kukiweka katika simu ya mtoto.

Barabarani

Tanga ni mji wa baiskeli, na mwendesha baiskeli hana kioo cha kumwonyesha lori linalomkaribia kwa nyuma. Ana masikio yake. Onyo la kwanza la lori ni mngurumo mzito, yaani sauti ile ile ambayo kifaa huiondoa kwa ustadi kuliko zote. Honi itasikika, lakini honi ni onyo la mwisho. Tena, sikio hutambua upande inakotoka sauti kwa kulinganisha tofauti ndogo za muda na nguvu kati ya masikio mawili, na kwa namna ndewe inavyoipokea. Kifaa huvuruga hesabu hiyo, hata kikiwekwa katika hali ya kupitisha sauti za nje. Dereva wa bodaboda anayepokea simu za wateja huku akiendesha yumo hatarini hata kwa sikio moja, kwa sababu mazungumzo yenyewe hula umakini. Asimame.

Ngozi ya sikio katika hewa ya pwani

Mfereji wa sikio una urefu wa sentimita 2.5 hivi na hujisafisha wenyewe: ngozi yake husogea polepole kuelekea nje ikibeba nta, na nta hiyo yenye asidi kidogo huzuia bakteria na kuvu. Raba inayokaa humo kwa saa nyingi hurudisha nta ndani na kufungia joto na jasho. Pwani, ambako hewa ina unyevunyevu karibu mwaka mzima, mfereji uliozibwa huwa shamba zuri la kuvu wa jamii ya Aspergillus na Candida. Mgonjwa huanza na mwasho mkali, kisha sikio huziba, maumivu hufuata, na pengine hutoka uchafu wenye vidoadoa vyeusi au mweupe kama maziwa yaliyoganda. Anayeogelea Raskazone au kuzamia, kisha akavaa vipokea sauti sikio likiwa bado na maji, huufupisha mwendo huo.

Raba zifutwe kwa kitambaa chenye spiriti kila baada ya siku chache, zikauke kabla ya kuvaliwa, na vifaa visiazimwe kama vinavyoazimwa mabwenini. Sikio linalotoa usaha, au ambalo kiwambo chake kimewahi kutoboka, lisizibwe kwa raba yoyote. Kwa mtu huyo vifaa vya kufunika sikio kwa nje ni afadhali. Njiti za pamba, unyoya wa kuku, funguo na mafuta ya taa havina nafasi katika mfereji wa sikio. Huchubua ngozi na kusukuma nta ndani zaidi, na mara nyingine hutoboa kiwambo.

Mwenye kisukari anahitaji onyo la pekee. Kwake maambukizi ya mfereji, hasa ya bakteria wa Pseudomonas, yanaweza kupenya hadi kwenye mfupa wa chini ya fuvu na kudhuru mishipa ya fahamu ya uso. Maumivu makali ya sikio yanayozidi usiku, usaha usiokoma licha ya matone, au upande mmoja wa uso kulegea, ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo na kutaka rufaa ya bingwa wa masikio, pua na koo. Afike na kifaa chake mfukoni, amwonyeshe daktari, na aseme amekuwa akikivaa kwa saa ngapi kwa siku.